Unene wa Mstari

Mimi ndiye niliyeipaka bahari rangi.
Ghorofa ya nne, Kivukoni, feni moja kwa watu sita.
Nilianza na buluu nzito, njia ya meli.
Kijani nikawapa matumbawe, na majani ya chini
anakolisha kasa. Njano ya wavuvi.
Zambarau ya bomba la mafuta.
Na kijivu, kwa kuwa rangi zilikuwa zimeniishia,
wanakotaka kuchota mchanga.

Mhandisi Rwegoshora wa bandari alitaka buluu ipanuke:
"Meli haipiti kwa kukunja mabega, dada."
Nsajigwa wa hifadhi alitaka kijani.
Alikuja na picha ya tumbawe lililokufa, jeupe kama jino,
akaiweka kando ya sahani ya maandazi
na hakuna aliyegusa andazi tena.
Bosi akakohoa: mali bila daftari…
Tukamalizia sote kwa pamoja, kama darasa la tatu.

Mjimwema tuliibandika ramani ukutani,
ofisi ya serikali ya mtaa, juu ya tangazo la chanjo.
Bi Mosi Pazi akaja na ndoo yake, hakuketi.
"Na mie niko wapi hapa?"
Kwenye njano, Bi Mosi. Njano inaishia hapa,
kijani kinaanzia hapa.
"Hapa penye mstari?"
Hapo.
"Mstari wenyewe una upana gani?"

Miaka tisa ya kazi, hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nusu milimita. Kipimo, moja kwa laki moja.
Nikatoa simu nipige hesabu, ingawa jibu nilikuwa nalo:
mita hamsini.
"Basi mmenilaza ndani ya mstari," akasema,
akahamisha ndoo mkono wa pili.

Bamvua ilipofika alinichukua mwambani.
Maji yalikuwa yamekwenda mbali, kama mtu aliyesusa.
Alitembea na nondo yake iliyochongwa ncha,
akiyataja matundu kama anayepita uchochoroni kwao:
hili la marehemu mama,
hili la Mwanaharusi, lakini magoti yamemkataa,
hili tumelifunga tangu Mfungo Sita, pweza ana mayai.
"Akilichokoa mtu, faini. Hatujawahi kuiandika popote."

Nyuma yake meli ya makontena ilisubiri zamu,
ndefu kuliko mtaa wetu.
"Ile ikiitwa, na Kondo wangu anaitwa,
yuko kwenye boti za kuvuta meli.
Zisipokuja, ada ya wajukuu inatoka humu."
Akaigusa kwa nondo, humu.
"Kwa hiyo usiniandike adui wa meli.
Wala usiniandike mlinzi wa pweza. Pweza namla."
Kisha, tukiwa tunarudi, maji yameshatushika vifundo:
"Hilo daftari lenu nimelisikia.
Likibaki daftari, mali ikaisha, mtasoma nini?"

Niliomba rangi ya saba,
ya mahali panapofungwa na kufunguliwa kwa mwezi
na wenyewe wanaopajua.
Bosi alinitazama kwa huruma, nadhani ya kweli.
"Mashine haina rangi ya pengine."

Jioni walishuka wote. Nikabaki.
Dirishani, meli zilizotia nanga zilikuwa zimewasha taa,
mtaa mzima usio na mjumbe.
Nilichofanya ni kidogo, naona haya kukisema:
niliukonda mstari. Robo milimita.
Mita ishirini na tano.
Ndani yake bado yamo matundu kumi na moja,
moja limefungwa.

Pembeni, kwa herufi ndogo kuliko zote zinazosomeka,
nikaandika: *mstari huu unakaliwa na watu.*
Kesho Rwegoshora atauliza ni nani,
na Nsajigwa atauliza ni watu wangapi.
Printa ikaanza kuivuta karatasi taratibu,
buluu, njano, kijani kikipita juu ya njano,
na wino mweusi, nilioomba tangu mwezi wa pili,
ukafifia, ukafifia,
ukafika kwenye *unakaliwa na*
nikaenda kutafuta kalamu.